Mwaka Nilipokuwa Mkono wa Chifu

Ndirangu alipofariki mwaka jana, mkewe Wanjiru alinipigia simu mimi kabla hajawapigia watoto wake. Hakulia. Aliniambia mzee alikunywa chai, akajilaza kidogo na hakuamka tena, kisha akasema kuna shida kwa ofisi ya chifu. Kijana wa pale alikuwa anakataa kuandika barua ya mazishi kwa sababu kitambulisho cha marehemu kilisema Lokesheni ya Kiamuthi, na yeye hajawahi kusikia mahali kama hapo. "Njoo umwelezee," akasema. "Wewe ndio unajua mpaka ulikuwa wapi." Nilivaa buibui langu nikatoka Majengo, Thika, nikaenda mpaka upande wa Mugutha, nikasimama mbele ya yule kijana na kompyuta yake nikamwonyesha kwa mkono kupitia dirishani: kuanzia daraja dogo lile, kupanda na ule mstari wa magorofa ya kupangisha, mpaka pale penye tangi la maji la plastiki, yote hayo yalikuwa kahawa na mashamba ya watu, na yote yalikuwa Kiamuthi, eneo la chifu mmoja. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za mazimwi. "Kwani hiyo lokesheni ilienda wapi, cucu?" akaniuliza, akiniita bibi kwa Kikuyu. Nikamwambia ilifutwa. "Na watu je?" Watu walibaki, nikamwambia. Aliandika barua, akaipiga muhuri, nikaondoka. Sikumweleza zaidi, maana nyuma yangu kulikuwa na foleni, na habari iliyobaki ni ya mwaka mzima.

Nilifika Kiamuthi mwezi wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na cheti cha kupiga taipu. Kambi ya chifu ilikuwa jengo moja la mawe lenye mabati ya kijani, vyumba viwili vya askari wa utawala upande wa nyuma, tangi la maji la zege, mlingoti wa bendera, na banda la jiko ambalo lilivuja. Chumba changu kilikuwa stoo ya zamani ya mbegu, na mpaka leo nikinusa dawa ya mahindi nakumbuka kitanda kile cha kamba. Ofisini nilikuwa na meza, taipureta nzito ambayo herufi yake ya K ilikuwa imelegea, na kipande cha chuma cha reli, urefu wa mkono mdogo, tulichokitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo. Kati ya meza yangu na ya chifu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Nilisikia kila neno. Nilisikia hata akitafuna.

Chifu Gachanja alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya chini. Saa nne kila siku aliletewa nduma, ndiyo magimbi, za kuchemsha na chai ya maziwa kwenye chupa, na kila siku alinikatia kipande akanipitishia juu ya kifuniko cha ile chupa, kwa mkono wake mwenyewe. Ramadhani ilipoingia aliwaambia askari wasile mbele yangu, na yeye mwenyewe akawa anatoka na chai yake nje, anakunywa amesimama karibu na mlingoti kama mgeni kwa ofisi yake. "Hapa kwangu," aliniambia, "hakuna mtu atakuuliza kwa nini umefunga, ama kwa nini unafunika kichwa. Akikuuliza, niambie mimi." Nayasema haya kwanza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yaliyobaki ni kweli vilevile. Mtu huyo huyo alikuwa akimaliza chai anafuta vidole kwa leso, anachukua nyahunyo, kiboko cha ngozi, iliyoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, anakwenda nyuma ya tangi ambako watu walikuwa wakimngojea wamepiga magoti.

Wiki yangu ya kwanza walileta mwanamke mzee aliyekamatwa na pombe haramu ya chang'aa. Nilidhani atakaripiwa. Nilisikia pigo la kwanza nikafikiri ni mlango umefungwa na upepo. La pili nikajua. Alikuwa halii, alikuwa anahesabu kwa Kikuyu kwa sauti kubwa, na alipofika nane sauti ikageuka kitu kingine. Nilianza kupiga taipu kwa nguvu ili nisisikie. Baadaye niligundua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu: wakichapwa nje, mimi ndani nilichapa herufi, na nikawa na kasi kuliko karani yeyote wa tarafa ile. Askari mmoja, Wafula, alikuwa akipika omena, dagaa wa ziwani, jikoni jioni na kunipa na ugali, na siku ile nilimuuliza kama ilikuwa lazima. Alipuliza moto kwanza. "Chifu akisema kumi, mimi nikipiga tisa, hiyo moja atanipiga mimi," akasema. "Kula, dada. Ikipoa haina ladha."

Barua zote za kuita watu nilizipiga mimi. Unatakiwa kufika kambini bila kukosa, jina, kijiji, tarehe. Sikuuliza walichofanya. Mwezi wa nne nilipiga moja ya kumwita Ndirangu, mchonga mawe aliyekuwa akifanya kazi machimboni. Kosa lake lilikuwa kukaa na majirani sita chini ya banda lake na kuzungumza juu ya uvumi kwamba serikali inataka kuivunja lokesheni. Huo, kwa chifu, ulikuwa mkutano bila kibali. Ndirangu alikuja asubuhi, shati lake limepigwa pasi, vumbi la mawe kwenye nyusi halijatoka. Alisimama mbele ya meza yangu akiwa ameshika ile barua.

"Ni wewe umeandika hii?"

"Mimi nimepiga taipu tu. Maneno ni ya chifu."

Aliikunja barua mara mbili. "Sawa," akasema. "Lakini mkono ni wako."

Walimfunga kwenye mlingoti wa bendera kwa sababu alikataa kupiga magoti. Siku hiyo haikuwa nyuma ya tangi, ilikuwa mbele, mahali ambapo kila mtu aliyekuja kutafuta barua au kulalamikia mbuzi aliona. Chifu alimchapa mwenyewe mpaka shati lile likawa vipande. Ndirangu hakutoa sauti, na nadhani hilo ndilo lililomkasirisha chifu, kwa sababu alimwashiria Wafula, na Wafula akamlegeza kamba, akamwangusha, akampiga teke la mdomo. Meno mawili yalitoka. Mkewe Wanjiru alikuwa amesimama langoni na mtoto mgongoni, kitoto cha miezi michache, na alipojaribu kuingia askari wa pili alimsukuma kwa kitako cha bunduki akaanguka kwa ubavu, akimkinga mtoto. Mimi niliona yote kupitia dirisha. Nilikuwa nimeacha kupiga taipu. Chifu aliporudi aliosha mikono kwenye beseni, akakaa, na kupitia ukuta wa mbao nikasikia akiniita kwa sauti yake ile ya chini. "Rehema, nduma yako inapoa huku." Nilikwenda nikaichukua. Nikaila. Watu wakiniuliza mwaka ule ulinifunza nini, huwa nasema ulinifunza kazi. Ulinifunza kwamba naweza kula.

Uvumi ulikuwa kweli. Mwezi wa saba mkuu wa tarafa alikuja na gari, akaitisha baraza, akasoma karatasi aliyoishika mbali na macho. Lokesheni ya Kiamuthi imefutwa. Upande wa juu utaingia manispaa ya Ruiru. Upande wa chini utaunganishwa na lokesheni nyingine, upande wa Thika. Mpaka utakuwa ule mkondo wa maji unaopita kati. Mafaili yatakabidhiwa, na mheshimiwa chifu atapangiwa kazi nyingine. Watu hawakupiga makofi wala hawakuguna. Walikuwa wanamtazama Gachanja, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake na kofia yake magotini, na nilielewa baadaye kwamba walikuwa wanampima, kama mtu anavyoupima mti kabla hajaenda kutafuta shoka.

Wiki ile ile lori lilikuja likachukua askari, bunduki, redio na bendera. Wafula aliniambia nipande nao. "Dada, hapa kutaharibika," akasema. "Mimi nimewapiga hawa watu. Wewe umewaandika. Panda." Lakini chifu alikuwa ameniomba nibaki nimsaidie kupanga mafaili ya kukabidhi, na kusema ukweli sikuwa na kazi nyingine ya kwenda. Nikabaki. Kila asubuhi Gachanja alifika kwa pikapu yake amevaa sare ya kaki, akakaa mezani, akangojea barua ya uhamisho. Hakuna aliyekuja kuomba kitu. Nduma aliendelea kuniletea.

Sijaona kitu cha kutisha kama mahali ambapo hakuna mwenyewe. Mwezi mmoja tu, labda wiki sita, Kiamuthi haikuwa ya mtu yeyote. Upande wa manispaa walisema hawajakabidhiwa. Upande wa pili walisema mpaka haujapimwa. Watu wakaanza kumaliza mambo yao wenyewe. Miti ya mpaka iling'olewa mchana kweupe. Mtu aliyekuwa mpasha habari wa chifu alichomewa nyumba na kuku wake ndani, na alipokimbia walimpiga mawe mpaka barabarani, akaingia kwenye kahawa akitambaa. Mwanamke mmoja alipasuliwa kichwa na shemeji yake kwa jembe kwa sababu ya mfereji wa maji. Nilikuwa nikichota maji nikasikia vilio upande huu na upande ule, na hakuna mtu aliyekimbilia kambini, kwa sababu kambi ilikuwa chifu mmoja, msichana mmoja na taipureta.

Halafu wakamkata Karanja. Karanja alikuwa mdogo wake Ndirangu, kijana mchekeshaji aliyekuwa akiuza maziwa kwa baiskeli. Jirani aliyekuwa na ugomvi naye wa uzio alimwotea pale kwenye mkondo wa maji, palipotangazwa mpaka mpya, akamkata kwa panga mara mbili, begani na juu ya paja. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Ndirangu na Wanjiru walimleta kambini kwa toroli la kubebea mawe, kwa sababu pikapu pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ya chifu. Walimlaza kwenye benchi la wageni, hatua tatu kutoka kwa meza yangu. Nilivua mtandio wangu nikaufunga juu ya lile paja, nikakaza kwa rula, na damu ikaendelea kuja, nzito, ikipita katikati ya vidole vyangu. Karanja alikuwa ananiangalia. Alisema kwa adabu kabisa, "Pole, sista, nimekuharibia nguo."

Ndirangu alikuwa amesimama mlangoni kwa chifu. Alikuwa amevua kofia. "Mzee," alisema, "tusaidie na gari. Thika si mbali. Atakufa huyu."

Chifu alikuwa na chai mbele yake. "Hii imetokea upande gani wa maji?" akauliza.

"Mzee, sijui upande. Katikati."

"Basi piga simu wale wa juu. Ama wale wa chini."

Nilipiga mimi, kwa simu ya ofisi ambayo ilikuwa haijakatwa. Stesheni ya kwanza ya polisi mtu aliniuliza mahali ni wapi, nikasema Kiamuthi, akasema hiyo imefutwa, ulizeni wenzetu. Stesheni ya pili walisema mpaka waletewe ramani. Nilirudi kwa chifu na mikono yangu ilikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia, "Mzee, nipe ufunguo, kuna mtu hapa anajua kuendesha." Hakunitazama. Alimtazama Ndirangu, kwa utulivu, na akasema maneno ambayo nimeyasikia tena na tena katika maisha yangu nikiwa jikoni, nikiwa msikitini, nikiwa nimemshika mjukuu. "Mlikaa kwa banda lako mkasema mnataka chifu aondoke. Ameondoka. Sasa unaongea na nani?"

Ndirangu alimbeba mdogo wake mgongoni, maana toroli lingemtikisa. Wanjiru alishika miguu. Karanja alikufa kabla hawajafika barabara ya lami.

Nilisafisha benchi. Nilisafisha sakafu. Chifu alikaa ndani, na kupitia mbao nilimsikia akifungua kifuniko cha chupa, akakifunga bila kumimina. Baada ya muda alisema, "Ungekuwa umefunga mafaili tungekuwa tumeondoka." Hicho tu. Nimejaribu miaka hii yote kumwekea mtu yule moyo wa binadamu katika saa ile, kufikiri kwamba alikuwa ameingiwa na hofu, kwamba alijua amefanya nini. Huenda. Mimi nilichosikia ni mtu aliyekuwa analalamika juu ya mafaili.

Walikuja mchana, jua likiwa utosini. Hawakuwa wanapiga kelele. Niliwaona kupitia dirisha wakipanda kutoka kwenye kahawa, wanaume kwa wanawake, labda arobaini, wengine na fimbo, wengine na nyundo za machimboni, na Ndirangu mbele na mpini wa jembe. Chifu alitoka nje kuwakabili amevaa kofia yake. Hilo lazima nimpe, hakujificha. Aliinua mkono wa kulia kama alivyofanya kwenye baraza, na Ndirangu akaupiga ule mkono kwa mpini wa jembe. Nilisikia mfupa. Aliporudi nyuma wakamfuata ndani ya ofisi, wakamwangusha kati ya meza na benchi, wakampiga. Mwanamke yule wa chang'aa alikuwepo. Alikuwa anampiga kwa kiatu, na alikuwa anahesabu.

Mimi nilikuwa nimejibana ukutani nyuma ya taipureta. Mwanamume mmoja nisiyemjua alinishika nywele akanivuta. "Na huyu," akasema. "Huyu ndiye mkono wake. Mimi niliitwa na barua ya huyu." Wengine wakageuka. Niliona nyuso zao na nikajua kwamba baada yake ni mimi. Mtu akanipiga kofi, mwingine akanisukuma mpaka juu ya chifu, nikaanguka magoti karibu na kichwa chake. "Kama uko na sisi, piga," yule mwanamume akasema. "Piga tuone." Kipande cha reli kilikuwa kimeanguka kutoka mezani, kiko sakafuni karibu na goti langu. Nilikiokota. Chifu alikuwa amelala chali. Alikuwa ananitazama, mimi si mwingine, na akasema, "Rehema." Nilimpiga usoni kwa nguvu zangu zote. Kona ya kile chuma iliingia kwenye jicho la kushoto. Nilihisi, kwenye kiganja, jinsi lilivyoachia.

Watu walirudi nyuma. Ndirangu alipita katikati yao, akamsukuma yule mwanamume, akasimama juu ya chifu miguu huku na huku. "Basi," akasema. "Imetosha. Mtu asimguse." Aliniangalia mimi na kile chuma mkononi, akakichukua polepole kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akakitupa nje. Kisha akawaambia vijana watafute funguo za pikapu mfukoni mwa chifu, na ni yeye, Ndirangu, aliyesaidia kumpakia na kuamuru apelekwe hospitali. Ile pikapu iliyokataliwa asubuhi.

Nimejiuliza kama nilimpiga kwa woga au kwa hasira. Kwa muda mrefu nilijiambia ni woga, kwa sababu woga unasameheka. Lakini watu walitaka pigo moja, na mgongoni au kwenye paja lingetosha. Mimi nilichagua uso. Nilikuwa na damu ya Karanja chini ya kucha, na nduma zote zile tumboni.

Siku ya tano, nikiwa nimekimbilia Majengo, askari polisi alinifuata huko, akaniambia chifu ananiita wodini. Nilijua ananiita ili nikamatwe. Nilikwenda hivyo hivyo. Alikuwa amefungwa bendeji nusu ya kichwa na mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta. Yule polisi, kijana mvivu aliyekuwa na njaa, alikuwa ameshika karatasi. "Mzee anasema mwandiko wako unasomeka kuliko wangu," akaniambia. "Andika anachosema, ataweka kidole." Akaenda dirishani akaanza kumenya chungwa.

Chifu alisema, nami nikaandika. Alisema siku, alisema mahali, alitaja fimbo na nyundo na majina machache ambayo hayakuwa na uzito. Alisema Ndirangu alimvunja mkono, na hiyo ilikuwa kweli. Kisha akasema, "Baada ya hapo, huyo huyo Ndirangu akachukua chuma, akanipiga jichoni, akalitoa."

Kalamu ilisimama.

"Andika," akasema.

"Mzee, unajua si yeye."

"Najua." Sauti yake ilikuwa ile ile, ya chini, ya kunikatia nduma. Polisi alikuwa amegeuza mgongo. "Na wewe unajua. Mimi sina lokesheni, Rehema. Sina jicho. Nimebaki na neno langu tu, na nitamtaja ninayetaka kumtaja. Wewe bado ni msichana. Andika Ndirangu."

Ningeweza kuweka kalamu chini. Polisi alikuwa hatua nne kutoka kwangu, ilikuwa saa sita mchana, hakuna mtu aliyenishika nywele. Niliandika Ndirangu. Mwandiko wangu ulitoka mzuri, wala haukutetemeka. Chifu aliweka kidole gumba cha kushoto, nikamfuta wino kwa pamba.

Kesi ilisikizwa mwezi wa kumi na moja. Kwa miezi ile nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo nyuma ya hoteli moja ya Waislamu, na nilikuwa nimeacha kula kitu chochote cha mizizi. Niliitwa kama shahidi wa mashtaka, kazi yangu ikiwa kuthibitisha tu kwamba niliandika kile chifu alichosema. Ndirangu alikuwa kizimbani bila wakili, amekonda, mdomo umebonyea palipokuwa na meno. Mwendesha mashtaka alinipa karatasi.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Na haya ndiyo mlalamishi alikwambia?"

"Ndiyo aliniambia. Lakini hapo kwa jicho si kweli. Jicho nilimtoa mimi."

Hakimu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi. "Uliandika hapa ni mshtakiwa," akasema. "Kwa hivyo ulidanganya wakati ule ama unadanganya sasa?"

"Wakati ule."

"Mshtakiwa ni nani wako?"

"Si mtu wangu."

"Unakaa wapi siku hizi? Nani amekuja kukuona?"

Hakuna, nikasema, na niliona kwamba haniamini, na kwamba kadiri ninavyosema ndivyo ninavyofanana zaidi na mwanamke aliyelala na Ndirangu au aliyetishwa na ndugu zake. Wakamwita chifu arudi kusema. Alisimama na kitambaa cheusi juu ya jicho, safi, shati limefungwa mpaka shingoni. "Huyu msichana alikuwa chini ya meza akilia," akasema. "Hakuinua mkono. Nafikiri wamemtisha. Mimi namwonea huruma." Akanitazama kwa lile jicho lililobaki. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananilinda au alikuwa ananimaliza. Ndirangu alipewa nafasi ya kuniuliza swali. Alifikiri, akatikisa kichwa, akasema hana. Alipewa miaka saba. Siku iliyofuata nilikwenda stesheni nijiandikishe mwenyewe, na ofisa aliyekuwa mezani akaniambia kesi imefungwa, nirudi nyumbani kabla sijashtakiwa kwa kusumbua.

Lakini kabla ya hiyo stesheni kulikuwa na ngazi za mahakama. Wanjiru alinikuta pale. Alimshusha mtoto, akampa mwanamke aliyekuwa karibu, akanipiga. Alinipiga kwa ngumi, kwa viwiko, alinishika masikio akanigongesha ukutani, na midomo yangu ikapasuka. Watu walijaribu kumvuta, nikawaambia wamwache. Sikuinua mikono. Alinipiga mpaka akaishiwa na pumzi, akakaa kwenye ngazi, nami nikakaa ngazi ya chini yake. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Kwa nini hukusema ukiwa pale hospitali?" Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa, na kwamba nilizoea kuandika nikiambiwa andika. Alitema mate, akamchukua mtoto akaenda.

Alikuja Majengo mwezi wa kumi na mbili, mchana, akauliza watu mpaka akafika kwenye mlango wangu. Nilidhani amerudi kumaliza. Uso wangu ulikuwa bado na alama. Alikuwa amemshika mwanawe mkono, Kariuki, na chini ya kwapa alikuwa na karatasi na bahasha. Alikataa chai. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka zile karatasi kati yetu.

"Mimi sikwenda shule," akasema. "Na majirani nikiwapa waniandikie, kesho kijiji kizima kinajua. Wewe utaniandikia. Miaka yote saba. Na akijibu utanisomea, hata kama anakutukana wewe mwenyewe."

Nilichukua kalamu. Nikauliza nianze vipi, mume wangu mpendwa au vipi.

"Anza na jina lako," akasema. "Ajue ni nani anaandika. Na useme ulichofanya."

Niliandika: Mimi ni Rehema. Ni mimi niliyempiga chifu jichoni, na ni mimi niliyeandika jina lako. Aliniambia nisome. Nikasoma kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikutoka vizuri. Wanjiru alisikiliza akiwa anatazama sakafu, ambapo Kariuki alikuwa ameshika mguu wa meza anajaribu kuuachia.

"Sawa," akasema. "Sasa andika kwamba mtoto ameanza kutembea."